Ngome, Saa na Historia ya Nachingwea

Tarehe 12 Desemba 2024, mjini Singapore, bingwa wa dunia wa sataranji, Ding Liren wa China, aliisogeza ngome yake hadi kwenye mraba ambao mchezaji wa kawaida wa klabu angeukwepa kama angekuwa ameketi kwa utulivu. Ilikuwa hatua ya 55 ya mchezo wa 14, na alama zilikuwa 6.5 kwa 6.5. Kila upande ulibaki na ngome moja na askofu mmoja. Ding alikuwa na askari mmoja pungufu, lakini sare ilikuwa mikononi mwake. Alichopungukiwa zaidi ni muda: saa yake ilikuwa imebakiwa na dakika chache, ilhali kijana aliyeketi mbele yake alikuwa na akiba kubwa. Gukesh Dommaraju wa India, mwenye umri wa miaka 18, aliliona kosa, akabadilishana ngome, na baada ya hatua tatu akawa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote waliomtangulia.

Ndugu msomaji, utaniuliza mambo haya yanahusianaje na wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Nivumilie. Mimi ni mcheza sataranji wa kiwango cha chini ambaye amepoteza michezo mingi kwa namna hiyohiyo aliyopoteza Ding, na kila ninapofundisha historia ya kusini mwa Tanzania najikuta nikirudi kwenye saa ile.

Kwanza tuielewe tamati ya ngome. Vipande vingi vinapokwisha kuliwa, ngome ndizo hubaki mara nyingi kuliko vipande vingine, kwa kuwa huanzia pembeni na huchelewa kuingia vitani. Kwa hiyo michezo mingi huamuliwa hapo. Wakongwe wana mzaha kwamba tamati zote za ngome ni sare, na mzaha huo una kiini cha kweli: ngome moja yenye nafasi ya kuzunguka huweza kumsumbua mfalme wa adui hata kama mwenye ngome hiyo amepungukiwa askari mmoja, pengine wawili. Mfaransa Philidor alionesha mwaka 1777 jinsi ya kujilinda. Ngome ya mlinzi hukaa safu ya tatu kutoka upande wake, ikimfungia mfalme wa adui njia. Askari wa adui akishaingia safu hiyo, ngome hukimbilia upande wa pili wa ubao na kumwandama mfalme kutoka nyuma. Ni jambo la kujifunza jioni moja. Mbinu ya upande wa pili, ile ya kujenga daraja ili askari apite na kugeuka malkia, huitwa kwa jina la Lucena, aliyechapisha kitabu chake Salamanca mwaka 1497, ingawa mbinu yenyewe haimo kitabuni humo. Ilichapishwa na Salvio mwaka 1634. Wanahistoria tunayajua makosa ya aina hii: sifa humwendea mwenye jina.

Kanuni kuu ya tamati hizi ni moja: ngome iwe hai. Ngome iliyojificha nyuma ya askari wake ikiwalinda hufa polepole. Katika mashindano ya New York ya mwaka 1924, Capablanca alimwacha Tartakower ale askari wake wawili ili mfalme wake apate njia ya kusonga mbele akishirikiana na ngome, akashinda. Kanuni ya pili, ambayo walimu wa Kisovieti waliwakaririsha wanafunzi wao, ni kutokuwa na haraka.

Lakini utaachaje haraka na saa inakwenda? Hapo ndipo historia inapoingia. Zamani sataranji haikuwa na saa. Mtu aliweza kukaa saa nzima akiutazama ubao mpaka mpinzani achoke. Mwaka 1861, katika pambano la Anderssen na Kolisch jijini London, zilitumika chupa za mchanga. Mwaka 1883, katika mashindano ya London, zikaja saa mbili zilizounganishwa, za Thomas Bright Wilson: moja ikisimama, nyingine inaanza. Tangu hapo muda ukawa kipande cha thelathini na tatu, kisichoonekana ubaoni. Kwa miaka mingi makali yake yalipunguzwa na desturi ya kuahirisha mchezo: hatua hufungwa kwenye bahasha, watu wakaenda kulala, na jopo la wasaidizi likakesha likiichambua tamati. Kule Baguio, Ufilipino, mwaka 1978, Korchnoi aliyekuwa nyuma kwa ushindi 2 dhidi ya 5 alifikia 5 kwa 5 kwa kushinda tamati ya ngome katika mchezo wa 31, kisha akapoteza wa 32 na taji likabaki kwa Karpov. Kompyuta ziliifuta desturi ya bahasha. Saa aliyoibuni Fischer, inayoongeza sekunde chache kila unapocheza, ilitumika katika pambano lake na Spassky mwaka 1992, na leo ndiyo kawaida. Mchezaji wa sasa hucheza tamati ngumu kuliko zote saa nne au tano baada ya kuketi, amechoka, akiishi kwa sekunde thelathini thelathini. Mwaka 2018 jijini London, Caruana alitoka sare michezo yote 12 dhidi ya Carlsen. Muda ulipofupishwa katika michezo ya ziada, alipoteza wa kwanza katika tamati ya ngome ambayo ilikuwa sare, na baada ya hapo hakusimama tena.

Wazee wetu wa bao hawana saa, ingawa wana watazamaji, na mtazamaji wa bao ni saa yenye ulimi.

Sasa Nachingwea. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine Afrika Mashariki. Ujumbe wa John Wakefield ukazunguka kwa wiki chache tu, ukaandika ripoti, na mapema mwaka 1947 serikali ikatangaza mpango wa ekari 3,210,000 kwa gharama ya karibu pauni milioni 24. Sehemu kubwa zaidi ilikusudiwa iwe Jimbo la Kusini, na Nachingwea ndiyo iliyoteuliwa kuwa kitovu.

Tazama jinsi walivyocheza. Hakukuwa na shamba la majaribio la maana. Hakukuwa na takwimu za mvua za kutosha. Hakukuwa na bandari ya kina kirefu wala reli upande wa kusini, kwa hiyo vikaanza kujengwa kwa pamoja na mashamba, kana kwamba mavuno yalikuwa yameshahakikishwa. Matrekta yalitafutwa popote, hadi vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Kule Kongwa udongo ulikauka ukawa kama sakafu na kuyavunja majembe. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa ni kama 7,500. Kila kosa lilijibiwa kwa kuongeza kasi, kwa kuwa Waziri wa Chakula, John Strachey, alikuwa na saa yake bungeni. Wakulima wa Kimwera waliokuwa wakilima ardhi hiyohiyo kwa kuifuata mvua hawakuulizwa. Januari 1951 mpango ulifutwa, na pauni milioni 36 zikaandikwa kuwa hasara. Reli iliyofika Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa.

Nimewasikia wanafunzi wakisema mpango ule ulishindwa kwa sababu ya ujinga wa Wazungu. Sikubaliani nao. Wahandisi wale hawakuwa wajinga, kama Ding asivyokuwa mjinga. Walikuwa watu wenye ujuzi walionyimwa muda na waliowapangia saa, nao waliopanga saa walikuwa mbali na ubao.

Miaka kumi na minne baada ya karanga kufutwa, ardhi ileile ilipokea wageni wengine. Chama cha FRELIMO, kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilifungua Nachingwea kambi yake kuu ya mafunzo ya kijeshi mwaka 1965. Hapa mchezo ulichezwa kinyume kabisa. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alikusanya makumi ya maelfu ya askari katika operesheni aliyoiita Fundo la Gordian, akiishambulia Cabo Delgado, upande wa pili wa Ruvuma. Kama FRELIMO wangekaa kuilinda kila kambi, wangekuwa ngome iliyojificha nyuma ya askari wake. Walichofanya ni kuzidisha vita mkoani Tete, mbali magharibi, na kuvuka mto Zambezi. Walimwandama mfalme kutoka nyuma.

Kisha likaja pambano la saa. Aprili 25, 1974, wanajeshi waliipindua serikali mjini Lisbon. Juni mwaka huohuo Mário Soares alikutana na Samora Machel mjini Lusaka, akitaka vita visimamishwe kwanza, mengine yazungumzwe baadaye. Samora alikataa: uhuru utambuliwe kwanza. Aliielewa saa ya mpinzani. Askari wa Ureno hawakutaka tena kupigana, na kila wiki ilipopita, mkono wa Soares ulidhoofu. Mkataba ulitiwa saini Lusaka Septemba 7, 1974, na uhuru ukapatikana Juni 25, 1975. (Ni haki pia kusema kwamba mwaka huo wa 1975, wakati ushindi ulishapatikana na hapakuwa na saa yoyote ya kuogopa, wapinzani wa ndani, akiwemo Uria Simango, walisomeshwa maungamo hadharani palepale Nachingwea, na baadaye waliuawa bila kufikishwa mahakamani. Wapo wanaoeleza jambo hilo kwa shinikizo la wakati. Mimi silioni hilo shinikizo.)

Ruangwa na Nachingwea za leo huishi kwa korosho na ufuta, na pamoja na Liwale zimeunganishwa katika chama kikuu cha ushirika cha RUNALI. Mkulima wa korosho anacheza tamati kila mwaka. Mzigo anao, mti ni wake, kwa hesabu ya ubao hajapungukiwa kitu. Lakini miezi ya kabla ya mavuno haina fedha, na mgonjwa au ada ya shule haingoji mnada wa Oktoba. Mwenye kangomba hufika wakati huo na fedha taslimu, akanunua kwa bei ya kutupwa korosho ambazo bado ziko mtini. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwa korosho msimu wa 2007/08, ulikusudiwa kumpa mkulima nguvu ya kungoja bei. Umesaidia, lakini haujamwongezea hata sekunde moja katika ile miezi ya ukame wa mfukoni.

Mwaka 2018 wanunuzi walipoleta bei za chini, wakulima wa kusini walizikataa minadani. Novemba 12 Rais Magufuli aliagiza jeshi lizikusanye korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri kuliko iliyokataliwa. Ndipo ukaja uhakiki wa kumtafuta mwenye kangomba: ukubwa wa shamba, idadi ya kilo, jina kwenye orodha. Mwaka 2019 ulipoingia, shule zikafunguliwa na msimu wa kupalilia ukapita, walikuwepo wakulima ambao korosho zao zilikuwa ghalani na fedha zao hazijafika.