Mbono kaburi kama zao la nishati

Mbono kaburi ni mti mdogo wenye asili ya Amerika ya Kati. Afrika Mashariki umepandwa kwa vizazi kuwa ua wa boma, kwa kuwa mbuzi hawali majani yake. Mafuta ghafi yalipovuka dola 140 kwa pipa mwaka 2008, mbegu zake zilinadiwa kuwa dizeli ya mkulima.

Hesabu za shambani zilikuwa nyingine kabisa. Lita moja ya mafuta hutaka kilo 4 hadi 5 za mbegu. Matunda hayaivi kwa pamoja: kichala kimoja huwa na mabichi, ya manjano na makavu, hivyo mchumaji hurudi kwenye mti uleule mara kadhaa, kisha huketi kubangua kwa mkono. Mashudu yana sumu, hayalishwi mifugo.

Utafiti uliochapishwa Kenya mwaka 2009 uliwashauri wakulima wadogo waupande kwenye ua tu. Ulikuwa ushauri wa haki, maana ua haunyang'anyi mahindi nafasi. Walioumia zaidi ni wanavijiji wa Kisarawe, Tanzania, walioachia ardhi yao kwa kampuni ya Sun Biofuels ilime mbono. Shughuli zilisimama mwaka 2011 na ajira zikapotea.