Nguzo ya Vasco da Gama yakabiliwa na mawimbi

ANAYEPIGA kambi baina ya Watamu na Malindi hana haja ya kuitafuta historia mbali. Mjini Malindi, juu ya mwamba wa matumbawe uliochomoza baharini, imesimama nguzo ya Vasco da Gama, baharia Mreno aliyetia nanga hapo Aprili 1498. Mfalme wa Malindi alimkirimu na kumpa rubani wa kumwongoza hadi India. Msalaba ulio kileleni ulichongwa kwa jiwe lililoletwa kutoka Lisbon.

Hata hivyo, mawimbi yamekuwa yakiumega mwamba huo kwa miaka mingi, na ukiporomoka, nguzo nayo haitasalia. Yafaa mgeni afuate njia iliyotengwa na kuepuka kingo.

Karibu na Watamu yako magofu ya Gedi, mji wa Waswahili wenye kasri, misikiti na visima, ambao Unesco iliuorodhesha kuwa Urathi wa Dunia mwaka 2024.

Msimu wa bamvua, maji kujaa na kupwa hupishana kwa zaidi ya mita 3, hivyo hema lisimikwe mbali na ufuo. Na jiwe la magofu lisibebwe kama kumbukumbu: sheria ya 2006 inalilinda.