Karatasi na Barua za Wachora Hadithi za Anga

Msomaji aliyezoea kuona katika jarida hili habari za tenzi na miswada ya kale huenda akashangaa kukuta insha juu ya vitabu vya picha vya watoto. Nami sikosi kukiri kwamba nalishangaa pia nilipoanza kuifuata habari hii. Hadithi zenyewe ni za roketi, za watu wa Mirihi, na za mashujaa wavaao kofia za kioo. Zilipigwa chapa Marekani kwa karatasi hafifu, zikauzwa kwa senti 10, zikasomwa, zikatupwa. Walakini nyuma ya kila kitabu cha senti 10 palikuwa na karatasi nyingine, nene na nyeupe, iliyochorwa kwa mkono. Na mara nyingi palikuwa na barua pia. Leo karatasi hizo zatafutwa na wakusanyaji kwa fedha nyingi. Mwaka 2016, katika mnada uliofanyika Paris, ukurasa mmoja wa Hergé, kutoka hadithi yake ya safari ya mwezini, uliuzwa kwa euro milioni 1.55. Si bei inishughulishayo hapa, bali ni swali ambalo sisi wenye kuhangaika na miswada twalijua vema: kazi ya mkono ni mali ya nani, na ni nani amshuhudiaye aliyeifanya?

Ukurasa wa asili haufanani na ule uliochapwa. Kwanza ni mkubwa: hata katikati ya miaka ya 1960 wachoraji wa vitabu vya picha vya Marekani walichora kwa kipimo kilichokaribia mara mbili ya ukurasa wa kitabu, kisha kamera ikaupunguza. Pili, aghalabu hauna rangi, maana rangi zilitiwa baadaye na mikono mingine. Kilichopo ni penseli, wino mweusi, rangi nyeupe iliyofunika makosa, na vipande vya karatasi vilivyogandishwa pale maneno yalipobadilishwa. Penseli ya buluu iliyopauka ilipendwa kwa kuwa kamera haikuiona. Pambizoni mna maagizo ya mhariri, na nyuma mna mihuri. Baada ya 1954 waweza kukuta hata muhuri wa Comics Code, kanuni ya maadili ambayo wachapishaji walijiwekea wenyewe. Mtu akiuinamisha ukurasa mbele ya taa, huona mahali mchoraji alipositasita, akafuta, akaanza tena. Mwenye kitabu kilichochapwa hawezi kuyaona hayo.

Kwa mchapishaji, bamba la chapa likiisha kutengenezwa, karatasi hiyo haikuwa na kazi tena. Wengine waliziweka ghalani, wengine walizikatakata au kuzitia moto, na wengine waliwagawia watoto waliokuja kutembezwa ofisini. Mchoraji alikuwa amekwisha lipwa kwa hesabu ya kurasa. Ikachukuliwa kuwa ameuza wino, karatasi na haki zote kwa pamoja. Katika magazeti ya habari mambo yalikuwa mapole kidogo. Ilikuwa desturi ya wachoraji wengi wa huko kwamba msomaji akiandika barua ya kusifu, huenda akapelekewa ukurasa wa asili bila malipo, una sahihi na maneno mawili matatu ya salamu. Naomba msomaji aikumbuke bahasha hiyo yenye mchoro na barua pamoja, kwa maana nitairudia.

Kati ya wachapishaji wa New York, William Gaines wa kampuni ya EC alikuwa na tabia yake peke yake: hakutupa. Mwaka 1950 yeye na mhariri wake Al Feldstein walianzisha Weird Science na Weird Fantasy, na humo wakachora Wally Wood, Joe Orlando, Al Williamson na wenzao, ambao kwa maoni yangu hawajapitwa hata leo katika kuchora chombo cha anga kionekane kizito kama chuma. Michoro ilipotoka kwa wapiga chapa Gaines aliihifadhi, karibu yote. Mwaka 1954 alihojiwa mbele ya kamati ya Baraza la Senate. Baada ya hapo ikaja kanuni mpya, maduka yakaogopa, na kufika 1956 hakubakiwa na kitu ila jarida lake la mzaha, Mad. Karatasi zikasalia. Katika miaka ya 1980 Russ Cochran, aliyekuwa mkusanyaji kabla ya kuwa mchapishaji, aliziuza kwa mnada, aghalabu hadithi nzima pamoja, na pia akazipiga chapa upya kutoka asili zenyewe.

Miongoni mwa kazi hizo imo hadithi ya Orlando ya 1953 iitwayo Judgment Day. Mwanaanga kutoka Dunia aenda kukagua sayari ya mashine zilizojigawanya kwa rangi, za machungwa na za buluu, moja ikiionea nyingine. Azikatalia kuingia katika umoja wa sayari. Na katika picha ya mwisho avua kofia, nasi twaona kuwa ni mtu mweusi. Gaines alipotaka kuichapa tena, toleo la 1956, msimamizi wa kanuni, Charles Murphy, alidai mtu huyo asiwe mweusi. Gaines na Feldstein wakakataa kabisa, ikachapwa kama ilivyokuwa. Sina haja ya kumweleza msomaji wa Afrika kwa nini picha hiyo moja yastahili kuhifadhiwa.

Walakini Gaines, kwa wema wake wote wa kuhifadhi, ndiye aliyekuwa mwenye mali. Wood na Orlando hawakuwa na amri juu ya kurasa walizozichora. Frank Frazetta peke yake alilitambua hilo mapema. Alikuwa amechora jalada la Buck Rogers kwa ajili ya jarida jingine, likakataliwa kwa kuonekana la kikatili mno. Akampelekea Gaines, ambaye alilitumia katika toleo la 29 la Weird Science-Fantasy, mwaka 1955. Lakini Frazetta aliuza ruhusa ya kulichapa tu, mchoro akabaki nao. Wood, kwa upande wake, alingoja hata 1966 ndipo akaanzisha jarida lake mwenyewe, witzend, ambamo haki ya kazi ilibaki kwa aliyeifanya.

Barua nazo zina nguvu yake. Mwaka 1952 Gaines na Feldstein walichukua hadithi mbili za Ray Bradbury, wakaziunganisha ziwe moja, Wood akaichora, nao hawakumwuliza mwenyewe. Bradbury hakuwapeleka mahakamani. Aliwaandikia barua ya adabu nyingi, akiwakumbusha kwamba bila shaka wamesahau kumpelekea malipo yake ya dola 50. Gaines akalipa, na tangu hapo hadithi za Bradbury zikachapwa katika vitabu vyake kwa idhini na kwa jina la mwandishi. Wood, aliyeichora hadithi hiyo, hakuwa na barua ya namna hiyo ya kuandika; alikuwa amekwisha lipwa. Mtu akiwa na ukurasa wa Wood tu, huona uzuri. Akiwa na barua ya Bradbury kando yake, huona biashara nzima ilivyokwenda.

Lakini habari iliyo ngumu kuliko zote ni ya Jack Kirby. Mwaka 1961 yeye na Stan Lee walianzisha Fantastic Four katika kampuni iliyokuja kuitwa Marvel. Desturi yao ilikuwa kwamba wazungumze kisa kwa ufupi, Kirby aende nyumbani akachore hadithi yote, ndipo Lee atie maneno ya wasemaji. Ili Lee aelewe kilichochorwa, Kirby aliandika pambizoni kwa penseli: huyu afanya hivi, yule asema hivi. Mwaka 1966 alipeleka kurasa zenye mtu wa fedha aruka angani juu ya ubao, ambaye hakutajwa katika mazungumzo. Lee mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyoshangaa kumwona. Msomaji wa kitabu hajui hayo, kwa sababu pambizo hukatwa. Mwenye ukurasa wa asili ayasoma maneno ya penseli, na huona wazi kwamba mchoraji alikuwa akitunga.

Basi, kurasa hizo zilikuwa wapi? Zilikuwa katika ghala la kampuni. Mwaka 1984, kampuni ilipokuwa ikiwarudishia wachoraji kazi zao za zamani, wengi walitakiwa kutia sahihi hati fupi ya ukurasa mmoja. Kirby akaletewa hati ya kurasa nne, ili apewe kurasa 88 tu. Alikataa. Wenzake wakaandika barua na kutia sahihi zao kumtetea, na mwaka 1987 akarudishiwa kurasa zipatazo 2000, kati ya maelfu mengi aliyoyachora. Nyingine zilikuwa zimekwisha ibwa, na zilionekana sokoni zikinunuliwa na kuuzwa wakati mwenyewe anagombana na kampuni ili apewe. Hapa sifa ya mkusanyaji yaingia doa. Ni kweli kwamba bila watu wenye pupa ya kukusanya kurasa nyingi zingeoza au kuungua. Ni kweli pia kwamba pupa hiyo hiyo ndiyo iliyoupa wizi soko. Mimi sikubaliani na wasemao kwamba kuponya kitu kwatosha kukihalalisha.

Kirby alifariki mwaka 1994. Warithi wake walipodai haki, mahakama mwaka 2011 ilihukumu kwamba kazi ilifanywa kwa kuagizwa, hivyo ni ya kampuni. Maandishi ya pambizoni yalimshuhudia mtungaji. Mahakama iliuliza habari za mwajiri. Maswali hayo mawili si moja, na mtu akiyachanganya atadhani penseli imeshindwa. Pande zote zilipatana mwaka 2014, na jina la Kirby sasa laandikwa pamoja na la Lee.

Mbona basi michoro na barua havikupelekwa vyuoni, vikakaa pamoja? Kwa muda vilipelekwa. Katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Syracuse kiliwaomba wachoraji wengi karatasi zao, nao wakatoa, kwa kuwa sheria iliwaruhusu kupunguziwa kodi kwa thamani ya walichotoa. Mwaka 1969 sheria ya kodi ya Marekani ikabadilishwa: mchoraji akitoa kazi ya mkono wake au barua zake, apunguziwe kwa gharama ya karatasi na wino tu, bali mkusanyaji aliyekinunua kitu kile kile, akikitoa, ahesabiwe kwa bei ya soko. Sijui sheria iliyofukuza karatasi nyingi kutoka maktabani kwa maneno machache kuliko hiyo. Walakini Chuo Kikuu cha Ohio State kilianza mwaka 1977 na karatasi za Milton Caniff, michoro pamoja na barua zake, na juu ya msingi huo imejengwa maktaba kubwa ya katuni.

Sokoni, kinyume chake, viwili hivyo hutenganishwa. Mchoraji akifa, kurasa huenda mnadani moja moja, na barua ama huuzwa kwa bei ndogo kwa ajili ya sahihi, ama hutupwa. Huko ni kujidhuru hata kwa mwenye kutafuta faida. Maana wazushi wapo: huweka karatasi juu ya kioo chenye taa, wakafuata mistari ya ukurasa uliochapwa. Wapo pia wachoraji wenyewe ambao uzeeni walizichora upya kazi zao kwa wapenzi walioagiza, bila nia mbaya, na zikapita mikono mitatu huhesabiwa za zamani. Mwandiko wa pambizoni huwezi kuuthibitisha ila uwe na mwandiko mwingine usio na shaka, na huo umo katika barua. Ile bahasha ya msomaji aliyesifu, yenye ukurasa na salamu pamoja, ndiyo cheti bora kuliko vyote. Nayo ndiyo wauzaji huipasua kwanza.

Nilifikiri habari hizi nilipokuwa London nikisoma maandishi ya Muhammad Kijumwa wa Lamu, mwandishi, mchonga na mshairi aliyefariki mwaka 1945. Alinakili tenzi kwa hati nzuri ajabu na kwa wino wa rangi, akiwafanyia kazi wanachuoni wa Ulaya kama William Hichens. Yeye naye alikuwa mtu wa kulipwa kwa kazi ya mkono, na kazi yake ikaenda mbali na kwao. Lakini barua alizowaandikia walioagiza hazikutupwa. Niliomba mswada, nikaletewa. Nikaomba barua, nikaletewa nazo siku ile ile, nikaziweka juu ya meza moja, nikalinganisha herufi.