Bandu Bandu Huisha Gogo

Msomaji, ukifika Tabaka katika Kisii, utamwona fundi akilikata jiwe kubwa la sabuni vipande kabla ya kuchonga. Watunzi wa programu za kompyuta walijifunza hekima hiyo kwa taabu. Zamani waliandika matakwa yote katika kitabu kinene, wakafanya kazi miaka, na mara nyingi aliyeagiza hakupata alichohitaji. Katika miaka ya 1990, Kent Beck wa Marekani na wenzake walianza kuandika kila hitaji katika kadi, wakaliita hadithi. Februari 2001, watu 17 walikutana Utah, wakatangaza kanuni za kazi ya namna hiyo.

Lakini ziko hadithi kubwa mno. Mkulima wa chai wa Nyamira ataka hesabu zake zote. Tukijenga kwanza ghala la hesabu peke yake, atangoja bure. Yafaa aone kwanza kilo za leo. Kisha za mwezi. Mwisho malipo yake. Basi, ukipewa kazi iliyokuzidi, usiulize tu utaikata wapi. Uliza kipande cha kwanza kitamfaa nani.