Injinia Si Lami Tu

Ukisema Nyamarambe kwamba unasomea uinjinia wa ujenzi, swali linalofuata ni moja: "Sasa lami utatuletea lini?" Watu wangu, nawapenda, lakini hebu turudi nyuma kidogo.

Ile reli ya wakoloni ilianza Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901. Injinia mkuu alikuwa George Whitehouse, na ndiye tunayetajiwa. Lakini kazi ilianza kabla yake: 1891 hadi 1892 tima ya Macdonald ilipita kwa miguu ikipima njia. Hiyo ni upimaji, fani nzima. Kule Taru hakukuwa na maji, ikabidi yapelekwe kwa treni. Mtu wa maji huyo. Tsavo 1898 Patterson alitumwa kujenga daraja, na sisi tunakumbuka simba tu! Kuteremka Bonde la Ufa mabehewa yalishushwa kwa kamba za chuma kwanza, njia ya kudumu ikiendelea kuchongwa. Hapo unahitaji mtu anayeelewa udongo na miamba. Upande wa Mau yakawekwa madaraja 27 ya chuma kutoka Marekani.

Halafu Nairobi. Walitua kwenye kinamasi 1899, mitaro hakuna, na kufikia 1902 mji una tauni. Huwa nawaza hii kila mvua ikinyesha na CBD inageuka ziwa. Mtu wa mitaro hapigwi picha akikata utepe, lakini asipokuwepo utamjua tu.

Na mikono iliyobeba mataruma? Wafanyakazi kama 32,000 waliletwa kutoka India, karibu 2,500 wakafa. Waafrika nao walifyeka na kubeba. Royal Technical College, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi, ilipokea wanafunzi wa kwanza 1956. Miaka 60 baada ya reli kuanza! Ndiyo maana kwetu injinia alibaki mzungu wa gari kubwa, na fundi akabaki "kibarua tu". Mimi chuo niliacha, kwa hivyo hii dharau ya vyeti naijua vizuri. Leo fundi mitambo na mwenye diploma wana bodi yao kwa sheria ya 2016, lakini wazazi bado wananong'ona ukienda TVET.

Aprili 2016 jengo la Huruma lilianguka, likaua watu karibu 50. Lilikuwa kando ya mto, na lilikuwa limeshatiwa alama libomolewe. Wa kusema "hapa usijenge" pia ni injinia, na huyo hana mashabiki.

Sasa Gucha yetu. Ukishuka Migori inaitwa Kuja, na pale Gogo maji hayo yamezalisha umeme tangu miaka ya 1950, megawati 2, kwanza kwa ajili ya migodi ya Macalder. Maji yametoka huku kwetu juu, stima ikaenda kwa wachimba madini.

Mdogo wangu anajaza kozi za KUCCPS wiki hii. Ameniuliza kama kuna pesa kwa maji. Nimemwambia aende Gogo kwanza, nauli nitalipa.