Jinsi ya kuandaa mazingira ya Java ya kuunda programu-jalizi za biashara

MWAKA 2020 wafanyabiashara wa Kenya walilazimika kubadilisha hesabu za ankara zao. Kuanzia Aprili 1 mwaka huo, serikali ilishusha ushuru wa VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 ili kupunguza makali ya janga la Covid-19. Miezi tisa baadaye, Januari 1, 2021, kiwango cha asilimia 16 kilirejeshwa.

Mabadiliko ya namna hiyo hudhihirisha uimara au udhaifu wa programu ya kompyuta. Pale ambapo kiwango cha ushuru kimehifadhiwa kama taarifa, mhasibu hubadilisha tarakimu na tarehe, kazi ikaisha. Pale ambapo kimeandikwa ndani ya msimbo, huhitajika fundi wa kuufungua mfumo mzima.

Yako pia mabadiliko ambayo tarakimu pekee haitoshi. Tangu Januari 1, 2024, gharama ya biashara nchini Kenya haikubaliki katika hesabu za kodi ya mapato bila ankara ya kielektroniki, isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria. Kampuni inayotaka mfumo wake wa mauzo uwasiliane moja kwa moja na mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Ushuru Kenya, KRA, haina budi kuandikiwa msimbo mpya.

Swali ni msimbo huo uwekwe wapi. Ukichanganywa na msimbo wa asili wa programu, kila toleo jipya litakapotoka kazi yote italazimika kurudiwa. Ukiwekwa katika programu-jalizi, yaani kipande kinachojitegemea na kuchomekwa kwenye programu kubwa, kiini cha programu hubaki kama kilivyotoka kwa waundaji wake.

Yafuatayo ni maelezo ya kuandaa mazingira ya kazi hiyo kwa lugha ya Java, kwa mfano wa iDempiere.

Programu yenyewe

iDempiere ni programu huria inayounganisha mauzo, manunuzi, ghala na uhasibu wa kampuni. Chimbuko lake ni Compiere, iliyoasisiwa na Jorg Janke. Mwaka 2006 baadhi ya waliochangia Compiere walijitenga wakaanzisha ADempiere, na kutokana na hiyo ikazaliwa iDempiere.

Hutolewa kwa leseni ya GPL toleo la 2, kwa hiyo mtumiaji halipii leseni. Gharama huwa ni ya wataalamu na mitambo.

Kinachoitofautisha na watangulizi wake ni utaratibu wa OSGi, uliosimamiwa na muungano wa kampuni ulioundwa mwaka 1999. Utaratibu huu huwezesha vipande vya Java kusakinishwa, kuwashwa, kuzimwa na kubadilishwa wakati seva ikiendelea kufanya kazi.

Zana zinazohitajika

Zana ya kwanza ni JDK, yaani mkusanyiko wa vifaa vya kuandikia na kuendeshea Java. Toleo lake halichaguliwi kwa kupenda kilicho kipya. iDempiere toleo la 9 hutumia Java 11, ilhali toleo la 11 hutumia Java 17. Atakayekosea hapa atakutana na makosa mengi ambayo hayana uhusiano wowote na msimbo wake.

Leseni ya JDK nayo isomwe. Mwaka 2019 kampuni ya Oracle ilibadilisha masharti ya matumizi ya kibiashara ya Java yake. Kampuni zisizotaka kulipa zinaweza kutumia matoleo yatokanayo na mradi huria wa OpenJDK, kama vile Eclipse Temurin.

Ya pili ni Eclipse, programu ya kuandikia msimbo iliyotolewa na IBM kwa umma mwaka 2001. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2004, Eclipse yenyewe imejengwa juu ya OSGi, na ndiyo sababu inafaa sana kwa kazi hii. Ichaguliwe ile yenye vifaa vya kuundia programu-jalizi, vijulikanavyo kama PDE.

Ya tatu ni Git, ya kupakulia msimbo na kutunza kumbukumbu za mabadiliko. Ya nne ni Maven, inayotafuta maktaba zinazohitajika na kujenga programu. Ya tano ni hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo pia ni huria.

Hatua za maandalizi

Baada ya kusakinisha zana hizo, msimbo wa iDempiere hupakuliwa kwa Git. Tawi la msimbo linalochaguliwa liwe la toleo lilelile linalotumiwa na kampuni. Kuunda programu-jalizi kwa toleo moja na kuipeleka kwenye jingine ni kujitafutia balaa.

Kisha amri ya mvn verify hutolewa ndani ya folda kuu ya msimbo. Mara ya kwanza amri hii hupakua maktaba nyingi kutoka kwenye intaneti, hivyo ni busara kuifanya mahali penye mtandao wa uhakika.

Hatua inayofuata ni kuingiza miradi hiyo katika Eclipse na kuchagua jukwaa lengwa. Hili ni faili linaloieleza Eclipse ni maktaba zipi, na za toleo gani, zitumike badala ya zile za Eclipse yenyewe. Wengi wanaoanza huliruka, kisha wakashangaa kuona mamia ya alama nyekundu kwenye msimbo ambao hawajaugusa.

Hifadhidata huandaliwa kwa kuingiza data za kuanzia zinazokuja na programu. Ndani yake mna kampuni ya mfano iitwayo GardenWorld, yenye wateja, bidhaa na ankara za majaribio. Majaribio yote yafanyike humo. Kutumia data halisi za wateja kwenye kompyuta ya fundi ni kuhatarisha siri zao.

Seva huwashwa kutoka ndani ya Eclipse, na programu hufunguliwa kwa kivinjari. Ikiwa mtumiaji anaweza kuingia GardenWorld na kukamilisha ankara moja, mazingira yako tayari. Kabla ya hapo, hakuna haja ya kuandika hata mstari mmoja wa msimbo mpya.

Kuunda na kuchomeka

Programu-jalizi huanza kama mradi mpya ndani ya Eclipse. Faili la MANIFEST.MF ndilo kitambulisho chake: hutaja jina, toleo na vipande vingine inavyovitegemea. Kipande kimoja kisipopatikana, programu-jalizi haitawaka.

Badala ya kubadilisha msimbo wa ankara, programu-jalizi husubiri matukio. Kwa mfano, inaweza kujiandikisha ili ijulishwe kila ankara inapokamilishwa, kisha ikatuma taarifa zake kunakohusika. KRA ikibadilisha masharti, kipande hicho peke yake ndicho hurekebishwa.

Jedwali au safu mpya za hifadhidata huongezwa kupitia kamusi ya data ya iDempiere, kwa majina yenye kiambishi cha kampuni ili yasigongane na ya asili. Mabadiliko hayo hufungashwa kwa zana ya 2Pack na kusafirishwa pamoja na programu-jalizi.

Kazi ikikamilika, Maven hujenga faili la jar. Msimamizi hulisakinisha kupitia ukurasa maalumu wa usimamizi wa OSGi kwenye seva. Hali ya INSTALLED humaanisha limepokelewa tu. RESOLVED kwamba mahitaji yake yamepatikana. ACTIVE kwamba linafanya kazi. Likikwama kwenye INSTALLED, mara nyingi kuna kipande linachokitegemea ambacho hakipo au ni cha toleo lisilofaa.

Mambo ya kuzingatia

Nenosiri la kuanzia la msimamizi linajulikana na kila aliyewahi kusoma mwongozo wa programu hiyo. Libadilishwe kabla ya seva kufunguliwa kwa watumiaji.

Kati ya kompyuta ya fundi na seva ya kampuni iwepo seva ya majaribio yenye matoleo yaleyale ya Java, PostgreSQL na iDempiere. Wahasibu waitumie kwanza, kwani wao ndio watakaogundua hesabu isiyolingana.

Mwisho, kampuni idai kukabidhiwa msimbo wa programu-jalizi, historia yake ya Git na orodha ya matoleo ya zana zilizotumika. Bila hivyo, siku sheria ya ushuru itakapobadilika tena na fundi aliyeiunda hayupo, kampuni itabaki na faili la jar lisiloweza kurekebishwa, na ankara zisizokubalika.