Muswada wa Kucheza kwa Ncha za Vidole: Jinsi Jimbo la Tumbaku Lilivyoanzisha Shule ya Sanaa kwa Fedha za Umma

Leo tunakupelekeni katika jimbo la North Carolina, kusini-mashariki mwa Marekani, ambako mwaka 1963 wabunge walijikuta wakibishana juu ya jambo ambalo halijapata kufikishwa mbele ya bunge lolote la jimbo nchini humo: je, ni halali kwa serikali kutumia fedha za walipa kodi kuwafundisha vijana kucheza baleti, kupiga fidla na kuigiza jukwaani?

Magazeti na wapinzani waliupa muswada huo jina la dhihaka. Waliuita Muswada wa Kucheza kwa Ncha za Vidole, kwa maana ya ule uchezaji wa baleti ambapo msichana husimama juu ya vidole vya miguu akazunguka kama pia. Jina hilo lilikusudiwa kuuua muswada kwa kicheko. Halikufaulu, na sababu za kutofaulu kwake ndizo nilizotaka tuzitazame leo.

Kwanza tulitazame jimbo lenyewe. North Carolina ya wakati ule iliishi kwa tumbaku, viwanda vya nguo na samani. Mishahara viwandani ilikuwa midogo, na shule za umma zilikuwa nyuma ya zile za majimbo mengi ya kaskazini. Mtoto aliyezaliwa na kipaji cha muziki katika kijiji cha milimani au katika mashamba ya mashariki alikuwa na njia mbili tu. Ama wazazi wake wawe na uwezo wa kumpeleka New York au Philadelphia kwa walimu wa kulipwa, ama kipaji chake kiishie katika kwaya ya kanisa. Ikumbukwe pia kwamba huu ulikuwa wakati wa ubaguzi wa rangi, na kwa mtoto mweusi hata hiyo njia ya kwanza ilikuwa nyembamba mno. Mji wa Greensboro, ambako wanafunzi wanne weusi walikaa kwenye kaunta ya duka la Woolworth tarehe 1 Februari 1960 wakakataa kuondoka, uko mwendo mfupi tu kwa gari kutoka mahali shule tunayoizungumzia ilipokuja kujengwa.

Hata hivyo, jimbo hili lilikuwa na mazoea fulani ambayo majirani zake hawakuwa nayo. Mwaka 1943, katikati ya vita vikuu vya pili vya dunia, bunge lake lilikubali kutenga fedha kwa ajili ya okestra ya jimbo. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo, dola 2,000 kwa mwaka, na muswada ule nao ulipewa jina la kejeli, Muswada wa Wapuliza Tarumbeta. Lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Miaka 20 baadaye, mtu aliyesimama bungeni kusema kwamba serikali haina kazi na muziki aliweza kujibiwa kwamba serikali hii imekuwa na kazi nao tangu zamani.

Mtu aliyeusukuma muswada wa 1963 ni Gavana Terry Sanford. Wasikilizaji wetu waliozoea marais na magavana wenye nguvu watashangaa kusikia jinsi kiti chake kilivyokuwa dhaifu. Katiba ya jimbo wakati huo ilimpa gavana kipindi kimoja tu cha miaka minne, bila ruhusa ya kugombea tena mara moja, na haikumpa haki ya kuzuia muswada kwa kura ya turufu. Alichokuwa nacho ni ulimi wake na kalenda iliyokuwa ikimkimbia. Aliingia madarakani Januari 1961 akijua kwamba Januari 1965 atafungasha virago.

Sanford alikuwa ameshafanya jambo la hatari katika mwaka wake wa kwanza. Ili kupata fedha za kuinua shule za umma, aliipanua kodi ya mauzo ya asilimia 3 ikagusa hata chakula. Kodi ya chakula, wasikilizaji, humwumiza maskini kuliko tajiri, kwa sababu sehemu kubwa ya kipato cha maskini huishia sokoni. Sanford alilijua hilo, na alitetea uamuzi wake kwa kusema kwamba watoto wa maskini ndio watakaofaidika zaidi na shule bora. Watu waliiita kodi ile kwa jina lake, tena si kwa kumsifu. Basi fikirini: gavana huyo huyo, miaka miwili baadaye, anakuja kuomba fedha za kufundishia baleti. Mkulima anayelipa kodi katika kila mfuko wa unga ana haki ya kuuliza, je, ni unga wangu huu unaonunua viatu vya kuchezea?

Swali hilo lilikuwa la haki. Sioni sababu ya kuwacheka wote walioliuliza, ingawa historia ya shule hii kwa kawaida huandikwa na washindi.

Wazo lenyewe gavana alilisikia kutoka kwa mwandishi wa riwaya, John Ehle, mzaliwa wa Asheville milimani. Mwaka 1961 Ehle aliandika makala gazetini akiushambulia Chuo Kikuu cha jimbo kule Chapel Hill, alikokuwa akifundisha yeye mwenyewe, kwamba kinawajali wasomi wanaochambua sanaa na kuwapuuza watu wanaoitenda. Gavana wengine wangempuuza mlalamikaji kama huyo. Sanford alimwajiri. Ehle akawa msaidizi wake wa karibu katika mambo ya elimu na utamaduni, na kazi yake ilikuwa kutoa mawazo, jambo ambalo ni nadra kulisikia katika ofisi yoyote ya serikali.

Hoja ya Ehle iliingia moja kwa moja katika maneno ya sheria. Sheria ilisema kwamba shule itawafunza wanafunzi wenye vipaji katika muziki, tamthilia, dansi na sanaa zinazohusiana nazo, katika ngazi ya sekondari na ya chuo, na kwamba mkazo utakuwa katika utendaji wa sanaa, si katika masomo ya nadharia kuhusu sanaa. Sentensi hiyo fupi ndiyo iliyowaudhi wengi vyuoni. Idara za muziki zilikuwepo tayari katika vyuo vya jimbo, na wakuu wake waliuliza kwa nini fedha zisipelekwe kwao. Jibu la watetezi lilikuwa kwamba mcheza dansi hawezi kuanza akiwa na miaka 18, kama vile mtoto hafundishwi kuogelea akiwa mzee. Mwili na sikio hufunzwa mapema, na anayestahili kuufunza mwili huo ni mtu aliyetoka jukwaani, hata kama hana shahada ukutani.

Bungeni kejeli ziliendelea. Inasimuliwa kwamba mbunge mmoja wa siku nyingi, mtu wa mashambani ambaye hakuna aliyemdhania kuwa mpenzi wa baleti, alisimama na kusema kwamba kama kweli patakuwa na uchezaji wa ncha za vidole katika North Carolina, basi yeye naye angependa awepo autazame. Ukumbi ukaangua kicheko, lakini safari hii kicheko kilikuwa upande wa muswada. Ulipitishwa mwaka huo huo wa 1963, pamoja na dola 325,000 za kuanzia. Kwa shule ya bweni yenye walimu wa muziki, wacheza dansi na waigizaji, hizo zilikuwa fedha za kuwashia moto tu, si za kupikia.

Hapa pakaingia ujanja ambao naona ndio uliookoa shule. Serikali haikuamua yenyewe shule ijengwe wapi. Miji iliachwa ishindane. Kamati ya wasanii na wataalamu ilizunguka kuitembelea, na kila mji ukaonyesha ulichonacho. Charlotte ulikuwa na ukubwa na benki zake. Raleigh ulikuwa makao makuu. Winston-Salem, mji wa sigara na soksi, ulikuwa na baraza la sanaa lililoundwa mwaka 1949, miongoni mwa ya kwanza ya aina yake nchini Marekani, na ulikuwa na jengo la shule ya sekondari ya James A. Gray.

Mwaka 1964 wakazi wa Winston-Salem waliketi kwenye simu. Watu wa kujitolea waliwapigia majirani, wenye maduka, wafanyakazi wa viwandani na matajiri wa tumbaku, na katika siku mbili zikaahidiwa karibu dola 900,000 kwa ajili ya kulikarabati jengo lile. Mji ukapewa shule. Na zaidi ya shule, mji ukapata watu wengi ambao kila mmoja alikuwa ameitolea fedha kutoka mfukoni mwake. Mbunge aliyetaka kuifuta baadaye angepambana na watu hao. Wakfu wa Ford nao ulitoa ruzuku kubwa, kwa sharti kwamba wenyeji watafute fedha za kulinganisha nayo.

Milango ilifunguliwa Septemba 1965. Sanford alikuwa ameshaondoka ofisini. Mkuu wa kwanza alikuwa Vittorio Giannini, mtunzi wa muziki mzaliwa wa Philadelphia, aliyefundisha kwa miaka mingi katika shule ya Juilliard mjini New York. Idara ya dansi ilikabidhiwa Robert Lindgren, aliyecheza jukwaani miaka mingi kabla ya kuwa mwalimu. Wanafunzi wa sekondari walisoma hesabu na historia kama wenzao wa shule nyingine za jimbo, na saa zilizobaki zilikuwa za mazoezi. Mtoto mwenyeji wa North Carolina katika ngazi ya sekondari hakulipishwa karo, na halipi hadi leo. Anachotakiwa ni kushinda majaribio mbele ya walimu.

Giannini hakuiona shule ikikua. Alifariki Novemba 1966, mwaka mmoja na miezi kadhaa tu baada ya kuifungua. Mrithi wake, Robert Ward, mtunzi aliyepata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1962 kwa opera yake juu ya kesi za uchawi za Salem, alikuta taasisi changa ambayo kila kikao cha bajeti kilikuwa mtihani kwake. Usalama kiasi ulipatikana mwaka 1972, shule ilipoingizwa katika mfumo wa Chuo Kikuu cha North Carolina, kile kile ambacho Ehle alikishambulia gazetini. Sijui kama Ehle alitabasamu. Idara ya filamu iliongezwa mwaka 1993, na jina likabadilishwa rasmi mwaka 2008 likabeba neno chuo kikuu.

Ingekuwa rahisi kuishia hapa, wasikilizaji, lakini haingekuwa haki. Shule inayowachukua watoto wa miaka 13 na 14 mbali na nyumbani, ikawaweka chini ya walimu mashuhuri ambao neno lao moja laweza kufungua au kufunga maisha ya mtu, ni mahali penye hatari. Mwaka 2021 wahitimu kadhaa walifungua kesi wakidai kwamba walidhulumiwa kingono na baadhi ya walimu walipokuwa wanafunzi, katika madai yaliyorudi nyuma hadi miaka ya mwanzo ya shule. Wengine wakajiunga nao. Mwaka 2024 shauri lilimalizwa kwa makubaliano ya kuwalipa wahitimu 65 dola milioni 12.5. Wabunge wa 1963 walibishana sana juu ya viatu na fedha. Juu ya nani atawalinda watoto bwenini usiku, mabishano hayo hayakuacha kumbukumbu kubwa.

Nyumbani Afrika Mashariki swali la nani alipie kipaji cha kijana si geni. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo vikafuata. Vikundi hivyo vilipovunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa mwaka 1981, na baadhi ya wasanii wakawa walimu. Mmoja wao alikuwa Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze kutoka Ugogo, ambaye hakuwa na cheti cha muziki kutoka popote. Ehle angelipenda sana jambo hilo. Ukumbi wa chuo uliungua mwaka 2002, ukajengwa upya, na mwaka 2007 chuo kikawa wakala wa serikali chini ya jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Ng'ambo ya maji, Unguja, mambo yalikwenda njia nyingine. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi kilifungua milango mwaka 2002 katika Jumba la Forodha la zamani, Mji Mkongwe, kikawafundisha vijana kanuni, udi, fidla na ngoma kwa karo nafuu, wengi wao wakiwa hawana uwezo wa kulipa hata hiyo. Kilitegemea wafadhili wa nje. Wafadhili walipopungua, mwaka 2019 chuo kilitangaza kwamba huenda kikafungwa, na wanafunzi na walimu wakaanza kutafuta fedha kwa kuwaomba watu mmoja mmoja, kama walivyofanya wakazi wa Winston-Salem, isipokuwa kwamba hapa hapakuwa na muswada wowote wa kuungana nao.